Nyayo Bapa: Tuchague Viatu Gani vya Wazi?



Mwezi huu, katika ukurasa wetu wa afya ya familia, tunapenda tuzungumze juu ya kiungo ambacho tunakitumia tangu alfajiri hadi usiku, na ambacho twakikumbuka pale tu kinapouma. Kiungo hicho ni nyayo zetu. Wengi wetu tumefundishwa kumtazama mtoto macho, masikio, ngozi na tumbo. Ni wachache waliofundishwa kuugeuza unyayo wake na kuutazama. Na walio wachache zaidi ni akina mama wanaotazama nyayo zao wenyewe.

Siku ya soko, iwe ni Manundu pale Korogwe au Chanika pale Handeni, tazameni viatu vya akina mama wanaopita. Mmoja amevaa ndala ambazo upande wa ndani umekwisha kabisa, na upande wa nje bado ni mpya. Mwingine kiatu chake kimelala ndani kama nyumba iliyopoteza nguzo. Wa tatu anachechemea, lakini ndoo iko kichwani na mtoto yuko mgongoni. Ukimuuliza atasema, "Ni uchovu tu." Mara nyingi si uchovu tu. Waswahili husema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na maumivu ya unyayo nayo huyajua mwenye mguu. Watu wa nyumbani wasipoelewa, humwita mama huyo mvivu, kwa sababu anapenda kukaa chini kila apatapo nafasi. Ndiyo maana tumeona tulizungumze jambo hili kwa kirefu.

Unyayo bapa ni nini?

Ukiutazama unyayo wa watu wengi kwa upande wa ndani, yaani upande wa kidole gumba, utaona kwamba kati ya kisigino na vidole kuna mahali palipoinuka. Mahali hapo pameinuka kama daraja, nasi tutapaita tao. Tao hilo linashikiliwa na mifupa, misuli na kano. Kazi yake ni kama ile ya springi za gari. Wanaoikumbuka barabara ya kutoka Korogwe kwenda Handeni kabla haijawekwa lami wanajua gari lenye springi mbovu lilivyowafanyia viuno vyao. Tao linapopungua sana, au linapolala kabisa mtu anaposimama, tunasema ana unyayo bapa. Unyayo wote hugusa chini, na mara nyingi kifundo cha mguu huinamia ndani.

Mabadiliko hayo hayaishii kwenye unyayo. Kifundo kikiinamia ndani, goti nalo huweza kuvutwa ndani, na nyonga hulazimika kujirekebisha. Ndiyo maana baadhi ya wenye nyayo bapa hulalamika juu ya magoti, muundi au kiuno, wala hawadhani kwamba chanzo kinaweza kuwa chini kabisa.

Jipime mwenyewe nyumbani

Vipimo hivi havihitaji pesa. Unaweza kuvifanya leo jioni uani kwako pamoja na watoto.

Kipimo cha kwanza ni cha maji. Lowesha unyayo, kisha kanyaga mahali pakavu, kwenye saruji au kwenye vumbi laini. Inua mguu, tazama alama. Mwenye tao la kawaida huacha alama ya kisigino na ya sehemu ya mbele, zikiunganishwa na ukanda mwembamba kwa upande wa nje. Mwenye unyayo bapa huacha alama ya unyayo karibu mzima, pana kote.

Kipimo cha pili ni cha kusimama kwa vidole. Simama peku, shika ukuta, inua visigino vyote viwili. Mwambie mtu mwingine akutazame. Ikiwa tao linajitokeza ulipoinua visigino, unyayo wako ni bapa lakini ni laini, yaani haukukakamaa. Hali hiyo ndiyo ya wengi, na kwa kawaida haina hatari. Ikiwa tao halijitokezi hata kidogo na unyayo ni mgumu, mwone daktari.

Kipimo cha tatu ni viatu vyako vya zamani. Vipange mezani, uvitazame kwa nyuma. Kama vyote vimelalia ndani na soli imeliwa zaidi upande wa ndani, viatu hivyo vimekwisha kutoa ushahidi.

Je, huu ni ugonjwa?

Jibu letu ni kwamba kwa walio wengi si ugonjwa. Ni umbo, kama vile wengine walivyo warefu na wengine wafupi. Mwaka 1947 madaktari wawili wa Kanada, Harris na Beath, walitoa taarifa yao juu ya miguu ya wanajeshi zaidi ya 3,600 wa nchi hiyo. Waliona kwamba unyayo bapa ulio laini ni unyayo imara, na mwenye nao aweza kutembea na kufanya kazi kama wengine. Waliosumbuka zaidi ni wale ambao, pamoja na unyayo bapa, kano nene iliyo nyuma ya kisigino ilikuwa imekaza na kuwa fupi. Tulishike neno hilo, kwa sababu tutalirudia tutakapofika kwenye mazoezi.

Kwa hiyo, dada, kama nyayo zako ni bapa na hakuna kinachokuuma, usihangaike wala usitumie fedha za nyumbani kutafuta dawa. Hakuna dawa ya kumeza wala ya kupaka inayoinua tao. Mashauri tunayotoa hapa ni kwa wale wanaoumia, wanaochoka miguu kupita kiasi, na wale wanaotaka kujikinga.

Kwa nini akina mama?

Zipo sababu zinazotuhusu sisi wanawake zaidi.

Ya kwanza ni ujauzito. Wakati wa mimba mwili hulegeza kano ili nyonga ziweze kufunguka wakati wa kujifungua. Kano za unyayo nazo hulegea, wakati huohuo uzito wa mwili ukiongezeka. Mwaka 2013 watafiti wa jimbo la Iowa, Marekani, walitangaza matokeo ya kuwapima nyayo wanawake 49 mwanzoni mwa ujauzito, na tena miezi michache baada ya kujifungua. Zaidi ya nusu yao walikuwa wameongezeka urefu wa unyayo, kati ya milimita 2 na 10, na kwa jumla matao yao yalikuwa yameshuka. Mabadiliko yalionekana zaidi kwa waliozaa mara ya kwanza. Maana yake ni nini kwetu? Ni kwamba mama aliyezaa anaweza kuwa na mguu mkubwa kuliko ule aliokuwa nao siku ya harusi, naye bado anataja namba ileile ya kiatu afikapo dukani.

Ya pili ni mzigo. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa kilo 20, kabla hujahesabu ndoo yenyewe. Wakati wa kiangazi huku Handeni, akina mama wengi huubeba uzito huo kwa mwendo mrefu, penye vilima na mawe, na wengine wakiwa wamebeba mtoto pia. Uzito wote huo hushukia kwenye matao mawili.

Ya tatu ni kusimama muda mrefu. Wapo wanaosimama jikoni kwenye sakafu ya saruji, wapo wanaosimama sokoni, wapo walimu, na wapo wanaofanya kazi katika mashamba ya mkonge, kama yale ya Ngombezi na Mazinde. Tusiwasahau wenzetu wa kwaya, ambao Jumapili husimama wakiwa na viatu vya kupendeza visivyo na rehema kwa miguu.

Ya nne ni umri na unene. Kuna kano inayotoka kwenye muundi, ikapita nyuma ya kifundo kwa upande wa ndani, ikashika tao kama kamba inayoshika hema. Kwa wanawake waliopita miaka 40, hasa wanene, wenye kisukari au shinikizo la damu, kano hiyo huweza kuchoka na kuchanika polepole. Tao lililokuwa zima huanza kushuka.

Dalili ambazo hazifai kusubiri

Tunaomba sehemu hii isomwe kwa makini, kwa maana hapa ndipo penye hasara kubwa. Nenda hospitali, usiende dukani kununua kiatu, ukiona mojawapo ya haya:

Unyayo mmoja tu umekuwa bapa, na zamani haukuwa hivyo.

Una maumivu na uvimbe upande wa ndani wa kifundo cha mguu, na huwezi kusimama kwa vidole vya mguu huo mmoja. Hiyo huenda ni kano tuliyoitaja. Ikitambuliwa mapema, husaidiwa kwa kupumzishwa, kufungwa na kiatu maalumu. Ikiachwa kwa muda mrefu, mguu hukakamaa katika hali hiyo mbaya, na hapo hata upasuaji huwa mgumu zaidi.

Unyayo una ganzi, unawaka moto usiku, au una kidonda kisichouma. Mwenye dalili hizo apimwe kisukari, na pia achunguzwe kama ana ukoma. Mguu wenye ganzi ukivimba ghafla, ukawa mwekundu au wa moto, hata kama hauumi, usisubiri kesho.

Mtoto ana unyayo bapa uliokakamaa, au anachechemea, au anaamka usiku akilia mguu.

Kwa walioko huku kwetu, anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, kisha Hospitali ya Magunga kwa walio Korogwe, au hospitali ya wilaya kwa walio Handeni. Hospitali ya mkoa, Bombo, iko Tanga mjini. Ikihitajika zaidi, kuna KCMC kule Moshi. Hapo ndipo kilipo chuo cha TATCOT, ambacho tangu mwaka 1981 kinafundisha mafundi wa viungo bandia na viatu maalumu. Dar es Salaam iko Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa mwaka 1996.

Tuviangalie viatu tulivyo navyo

Huku kwetu kuna joto, na viatu vya wazi vinatufaa. Havitoi jasho sana, hukauka upesi, na mguu hupumua. Lakini si viatu vyote vya wazi vilivyo sawa.

Ndala. Hizi ni rafiki wa bafuni na uani. Lakini soli yake ni laini na bapa, haishiki kisigino, na inashikwa na gidamu tu kati ya vidole. Mvaaji hulazimika kukunja vidole kila hatua ili isimponyoke. Mwenye unyayo bapa akitembea nazo kilomita kadhaa, misuli ya muundi huchoka na tao hulala zaidi. Na ndala iliyokwisha upande mmoja ni mbaya kuliko kutembea peku, kwa kuwa inaulazimisha mguu uiname.

Yeboyebo za plastiki. Ni rahisi na hustahimili matope. Chagua zile zenye mkanda wa nyuma, na mkanda huo uvaliwe, usipinduliwe mbele kama urembo. Za plastiki ngumu zichunguze kwa mkono ndani, maana mishono yake hukata ngozi na kuleta malengelenge.

Katambuga. Viatu hivi vya matairi ya gari, ambavyo ndugu zetu Wamasai wanavivaa sana hapa Handeni, vina sifa ambazo wengi hawazijui. Soli yake haipindiki ovyo, na miiba haipenyi kirahisi. Kasoro yake ni kwamba ni ngumu na bapa, na vipande vingine vina mviringo wa tairi, hata visigino na vidole huinuka. Mwombe fundi kipande kilichonyooka, mkanda wa kuzunguka kisigino, na utandiko ndani. Kiatu hicho kitakufaa shambani kuliko ndala.

Makubazi ya ngozi. Ngozi nzuri hufuata umbo la mguu kadiri siku zinavyopita. Yenye mikanda miwili mbele na mmoja nyuma yanafaa. Yale ya kuchomeka tu, yasiyo na mkanda wa nyuma, ni ya kukalia barazani.

Sendo za mitumba. Humo mna hazina, kwa kuwa wengine huko ng'ambo huvaa sendo zilizotengenezwa na tao ndani yake. Lakini kumbuka kwamba kiatu cha mtumba kimekwisha kuchukua umbo la mguu wa mtu mwingine. Kiweke juu ya meza au ubao wa muuzaji, kitazame kwa nyuma. Kikilala upande wowote, kiache, hata kama ni kizuri namna gani.

Mambo saba ya kuangalia unaponunua

1. Kisigino kishikwe. Kuwe na mkanda wa nyuma ulio imara, usiolegea. Kisigino kikitulia, kifundo hakiinamii ndani ovyo. Hili ndilo la kwanza, na kama fedha zatosha jambo moja tu, chagua hili.

2. Soli isipindike katikati. Kikunje kiatu kwa mikono miwili. Kinatakiwa kikunjike pale vidole vinapoanzia, si katikati penye tao. Kisha kisokote kama unavyokamua nguo. Kikisokotoka kama kitambaa, hakitakubeba.

3. Kuwe na kiinuko cha tao. Pitisha kidole ndani ya kiatu upande wa kidole gumba. Usikie mwinuko mpole, wenye uimara kiasi. Ukivaa, mwinuko uguse tao bila kuchoma. Kama unahisi umekanyaga jiwe, umezidi.

4. Mikanda iweze kurekebishwa. Chagua yenye bizimu, au mkanda wa kubandika na kubandua. Mguu wa asubuhi si mguu wa jioni, na mguu wa mjamzito wa miezi mitatu si ule wa miezi minane.

5. Kisigino kisiwe kirefu wala kisiwe hakuna kabisa. Kimo cha sentimita 2 hadi 3, tena kipana, hufaa wengi. Kisigino kirefu huikaza ile kano ya nyuma, ambayo tumesema ndiyo huwasumbua wenye nyayo bapa.

6. Nafasi itoshe. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote kubaki nafasi ya sentimita 1 hivi. Kumbuka kwamba kidole kirefu si lazima kiwe kidole gumba. Upana nao utoshe, nyama isimwagike nje ya soli. Miguu ya mtu huwa haifanani kabisa, basi nunua kwa kufuata ule mkubwa.

7. Nunua alasiri. Wakati huo miguu imekwisha kuvimba kidogo kwa kazi za siku. Kiatu kinachokutosha saa 10 jioni kitakutosha wakati wowote. Jaribu vyote viwili, simama, tembea. Usikubali neno la muuzaji kwamba kitalegea. Kiatu kinachouma dukani kitauma zaidi njiani.

Kama unamtuma mtu akununulie Korogwe au Tanga, usimtajie namba tu. Simama juu ya karatasi, mwambie mtoto achore mguu wako kwa kalamu iliyosimama wima. Mpe mnunuzi karatasi hiyo aiweke juu ya soli. Karatasi itapunguza makosa, maana namba hutofautiana kiwanda kwa kiwanda.

Fundi viatu ni msaidizi wetu

Viatu vyenye tao tayari huweza kuwa ghali au kukosekana kabisa. Lakini fundi viatu aliye chini ya mwembe anaweza kukusaidia kwa gharama ndogo. Mpelekee sendo imara yenye mkanda wa nyuma. Mwambie akate kipande cha sponji ngumu, hata cha ndala nzima iliyobaki mguu mmoja, akichonge kiwe kama nusu ya yai lililokatwa kwa urefu, kingo zake zikiwa zimelainishwa hadi kuwa nyembamba. Kipande hicho kigundishwe ndani ya kiatu, chini ya tao, si chini ya kisigino wala chini ya vidole. Juu yake atandike ngozi laini ili jasho lisikibandue.

Anza na unene mdogo, kama milimita 5. Vaa saa moja siku ya kwanza, saa mbili siku ya pili, uongeze hivyo hivyo kwa muda wa wiki mbili. Maumivu madogo ya misuli mwanzoni ni ya kawaida. Maumivu makali, sugu mpya au malengelenge yanaonyesha kwamba kipande kimekaa mahali pasipo pake. Kirudishe kwa fundi.

Tahadhari moja. Mwenye kisukari au ukoma aliyepoteza hisia miguuni asitumie kipande cha kubahatisha namna hii. Yeye hatasikia kikimchubua, na mchubuko mdogo huweza kumpotezea mguu. Huyo aonwe na wataalamu, apewe kiatu cha kumfaa. Kila anapovaa apapase ndani kwa mkono kutafuta kokoto au msumari, na kila usiku atazame nyayo zake, au atazamwe na mwenzi wake.

Na watoto wetu je?

Hapa tunataka tuwatoe hofu. Mtoto mchanga huzaliwa na unyayo unaoonekana bapa, kwa kuwa tao lake limefunikwa na mafuta na kano zake ni laini. Tao hujengeka kidogo kidogo katika miaka 10 ya kwanza. Mwaka 2006 watafiti wa Austria walitoa matokeo ya kuwapima watoto 835 wa miaka 3 hadi 6. Wenye umri wa miaka 3, watoto 54 katika kila 100 walikuwa na nyayo bapa. Wa miaka 6, walibaki 24 katika kila 100. Hiyo ni kazi ya ukuaji wenyewe.

Viatu maalumu vya kurekebisha, ambavyo wazazi wengine huuza hata mbuzi ili wavipate, havijaonekana kuwa na faida kwa mtoto mwenye unyayo bapa ulio laini asiyeumwa. Mwaka 1989 madaktari wa Marekani walitangaza matokeo ya kuwafuatilia watoto kwa miaka mitatu, wengine wakiwa na viatu na vitandiko maalumu, wengine wakiwa na viatu vya kawaida. Matao ya wote yaliendelea vizuri, na tofauti haikuonekana.

Lipo na jambo la kutufurahisha sisi wa vijijini. Mwaka 1992 madaktari Rao na Joseph wa India walitangaza uchunguzi wao wa watoto 2,300 wa miaka 4 hadi 13. Waliokuwa wakivaa viatu, karibu 9 katika kila 100 walikuwa na nyayo bapa. Waliokuwa wakitembea peku, hawakufika 3 katika kila 100. Tena waliovaa viatu vya kufunika vidole walikuwa na tatizo hilo zaidi kuliko waliovaa viatu vya wazi. Mguu wa mtoto unapokanyaga ardhi yenyewe, misuli yake hufanya kazi na kupata nguvu.

Je, tuwaache watoto peku? Hapana, si kila mahali. Funza, minyoo ya safura, miiba, chupa zilizovunjika na nyoka bado vipo. Tunashauri hivi: mtoto acheze peku uani palipofagiliwa, penye mchanga au majani mafupi. Akienda chooni, shambani, mtoni au shuleni, avae kiatu cha wazi chenye mkanda wa nyuma. Na usimnunulie kiatu kikubwa sana ili akikulie, kwa maana hukiburuta na kujikwaa. Kila baada ya miezi mitatu au minne, pima kama vidole vimefika mwisho.

Mazoezi ya dakika kumi

Kiatu kizuri hubeba mguu, lakini misuli ndiyo hushikilia tao. Fanya haya jioni, baada ya kuosha miguu:

Kunyoosha kano ya nyuma. Simama mbele ya ukuta, weka mguu mmoja mbele na mwingine nyuma. Mguu wa nyuma uwe umenyooka, kisigino chini. Sukuma ukuta polepole hadi usikie shavu la mguu likivutika. Hesabu hadi 30. Rudia mara tatu kila mguu.

Kuinua visigino. Shika ukuta, inuka kwa vidole, teremka polepole. Fanya mara 10, pumzika, urudie hadi mafungu matatu.

Kukunja khanga. Tandaza khanga kuukuu sakafuni, kaa kitini, ikunje kuivuta kwako kwa vidole vya miguu. Watoto hulipenda zoezi hili, hugeuka mchezo wa kushindana.

Ukifanya hivi kila siku kwa wiki sita hadi nane, wengi huona nafuu. Ukiwa mnene, kupunguza uzito hata kilo chache huipunguzia miguu kazi kubwa.

Neno la mwisho kwa mama

Katika kazi yetu ya uuguzi tumezoea kuona orodha ya matumizi ya nyumbani jinsi inavyopangwa. Kwanza sare za watoto, kisha madaftari, kisha viatu vya baba vya kazini, kisha mchango wa harusi ya ndugu. Viatu vya mama huja mwisho, navyo ni ndala. Zikikatika, mama huzishona kwa waya. Mwaka ukiisha amenunua jozi tatu au nne za ndala, na pengine amenunua dawa za maumivu mara nyingi zaidi. Fedha hizo zingetosha kununua sendo moja imara, na kumlipa fundi aiwekee tao.

Basi mama, zungumza na mwenzi wako. Mwonyeshe alama ya unyayo wako kwenye vumbi, mwonyeshe na viatu vyako vilivyolala. Wanaume wengi si kwamba hawajali, bali hawajaonyeshwa. Anayetembea kwenda kisimani, shambani, sokoni, kliniki na kwenye ibada, akirudi apike, ndiye anayetumia miguu kuliko wote nyumbani. Kiatu chake ni chombo cha kazi kama jembe lilivyo, na hakuna anayeona ajabu jembe likinunuliwa mwanzo wa msimu.

Mwezi huu fanyeni kipimo cha maji nyumba nzima, wakubwa kwa wadogo. Mwenye unyayo bapa asiyeumwa, mwambieni asiogope. Anayeumwa, msaidieni. Na yule mwenye zile dalili tulizozitaja, mpelekeni hospitali wiki hii hii.

Tuonane tena mwezi ujao. Tunawatakia afya njema, ninyi na nyumba zenu.